Mgeni wa Mwaka wa Pili

Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, mvua zikiwa bado hazijaanza na vumbi likiwa limetawala kila kitu, utawaona kwenye stendi ya Nanenane na kwenye stesheni ya treni ya umeme hapa Dodoma: vijana wenye mabegi mapya, ndoo mpya ya plastiki na godoro lililofungwa kamba, wakipatana bei na madereva wa bajaji. Hao ni wa mwaka wa kwanza, na mji mzima unawatambua. Katikati yao hupita wachache ambao mabegi yao yamechakaa kidogo, na ambao hawahitaji kuelezwa kwamba "boom" ni fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, kwa kuwa walikwisha kusoma mwaka mmoja au miwili mahali pengine. Hao ni wanafunzi wa uhamisho. Nami nilikuwa mmoja wao, na tangu wakati huo nimeulizwa swali lile lile na ndugu, na marafiki wa ndugu, mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni heri niliandike jibu langu mahali pamoja: siku ya maelekezo ina nini kwa mtu ambaye si mgeni wa chuo kikuu, bali ni mgeni wa chuo hiki?

Jibu langu huanza kwa kumvunja moyo kidogo anayeuliza, kwa sababu siku hiyo haikuandaliwa kwa ajili yake. Vyuo vingi nchini huwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza siku kadhaa kabla ya wanaoendelea, ili wasajiliwe, waonyeshwe mazingira na waelezwe taratibu wakati majengo yangali na nafasi. Mwanafunzi wa uhamisho huangukia kwenye ufa ulio kati ya makundi hayo mawili. Kwenye karatasi ni mwanafunzi anayeendelea, kwa hiyo hakuna aliyemwekea kiti. Lakini kwa hali halisi ni mgeni kabisa, asiyejua hata choo kiko upande gani. Ratiba ya siku husomwa kana kwamba hayupo. Hata hivyo nashauri aende, tena afike mapema, ilimradi ajue kwamba shughuli yake kubwa haiko ukumbini. Iko kwenye meza ya idara yake, na meza hiyo haitajwi kwenye ratiba.

Niseme kwanza jinsi nilivyofika hapa. Mama yangu ni mtumishi wa wizara, na wizara yake ilipohamia Dodoma, na baadaye ofisi zikajengwa kwenye Mji wa Serikali kule Mtumba, familia yetu iligawanyika sehemu mbili zenye kodi mbili za nyumba. Mwaka wa kwanza nilisomea kwenye chuo kimoja cha pwani, shahada ya uchumi, nikamaliza bila kubeba kozi yoyote niliyofeli, ndipo tukakubaliana kwamba nihamie huku ili gharama zipungue. Vyuo vyote viwili sitavitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifu, na kwa kuwa siamini kwamba ni kasoro ya chuo kimoja. Uhamisho wenyewe, wa kutoka chuo hadi chuo, hupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo sote tunaiita TCU. Mwombaji huanzia kwenye chuo anachotaka kwenda, nacho hutazama kama ana sifa za programu hiyo na kama nafasi ipo. Sehemu hiyo ina utaratibu wake uliotangazwa, na sitairudia hapa. Kilichonishinda si kupata barua ya uhamisho, bali ni kujua la kufanya siku ya kwanza nikiwa nayo mkononi.

Asubuhi ile nilifika saa moja na nusu, nikajipanga kwenye foleni ya usajili iliyokuwa imepinda kulizunguka jengo. Zamu yangu ilifika karibu saa nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitajie namba yako ya mtihani wa kidato cha nne."

Nikaitaja. Akaiandika, akakitazama kioo cha kompyuta, akairudia kuiandika, kisha akainua macho.

"Mbona humu haumo? Wewe umeomba mwaka huu kweli?"

"Nimehamia, mama. Naingia mwaka wa pili."

"Aa, basi umepotea, mwanangu. Hapa ni mwaka wa kwanza tu. Panda ghorofa ya pili kwa afisa udahili, umwulize habari za wanaohama."

Simlaumu mama yule, kwa sababu alinijibu kwa upole na alikuwa na watu mia kadhaa nyuma yangu. Kosa lilikuwa langu: niliiona foleni nikaiamini. Juu kwa afisa udahili kulikuwa na benchi lenye watu wawili tu, kijana aliyehamia kutoka Mwanza kusomea ualimu na dada mmoja aliyekuwa amebadilisha programu ndani ya chuo hicho hicho, na mambo yangu yaliyochukua saa mbili na nusu kule chini yalimalizika kwa dakika ishirini. Hilo ndilo la kwanza ambalo ningependa msomaji alijue. Kabla ya kujiunga na foleni yoyote, uliza kama inawahusu wanaohama, na uulize mtu aliye mezani, si aliye mbele yako, kwa kuwa aliye mbele yako naye ni mgeni.

Kuhusu karatasi, mwanafunzi wa uhamisho anahitaji zote za mwaka wa kwanza na nyingine juu yake. Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa na picha ndogo za paspoti kila mtu anavyo. Wewe uongeze barua ya uhamisho, matokeo yako ya chuo yaliyogongwa muhuri, na fomu inayothibitisha kwamba hudaiwi kitabu, ada wala ufunguo wa chumba huko utokako. Fomu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitesa, kwa maana nilikuwa nimeondoka chuo cha zamani bila sahihi ya maktaba, nikidhani ni jambo dogo, na ilinibidi nimsumbue rafiki yangu aliyebaki huko azunguke na fomu yangu siku mbili. Kama unayo kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliyokatiwa ukiwa mwanafunzi, njoo nayo, na uulize kama bado ni hai kabla hujalipia nyingine. Nilipolipa mimi mchango wa mwanafunzi ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na hiyo si fedha ya kulipwa mara mbili kwa kutouliza.

Baada ya hapo nilikwenda ukumbini, na ukumbini kuna mambo ya kukaa ukayasikiliza na mambo ya kutoka nje kwa amani. Msemaji wa kwanza alifungua kwa kutusalimu "Mbukwenyi!", nusu ya ukumbi ikacheka kwa kutojua la kuitikia. Ni salamu ya Wagogo, wenyeji wa hapa, na yeyote anayekuja kuishi Dodoma afanye haraka kumwuliza mwenyeji namna ya kuijibu, kwani itamfungulia sura za watu katika soko la Majengo kuliko kitambulisho chochote cha chuo. Zilifuata hotuba za kukaribisha, ambazo aliyesoma mwaka mmoja chuo kikuu anazijua mwanzo hadi mwisho. Maelezo ya namna ya kuandika barua pepe kwa mwalimu, ya kutunza muda na ya kuepuka makundi mabaya nayo unaweza kuyakosa bila hasara.

Usikose, hata hivyo, pale anaposimama Mshauri wa Wanafunzi kueleza ni ofisi gani inashughulikia nini, wala usikose maelezo ya zahanati, ya usalama na ya mahali pa kuripoti rushwa ya ngono, kwa sababu namba za simu na majina ya ofisi hizo hubadilika kutoka chuo hadi chuo, na siku utakapozihitaji hutakuwa na utulivu wa kuzitafuta. Zaidi ya yote, usikose kanuni za mitihani. Hapa ndipo ujuzi wa mwaka mmoja unapogeuka kuwa mtego. Chuo nilichotoka kiligawa alama 40 za kazi za darasani na 60 za mtihani wa mwisho. Hapa tuliambiwa ni nusu kwa nusu. Kule mahudhurio yalikuwa ni suala la mwalimu na roho yake; hapa aliyehudhuria chini ya asilimia 75 ya vipindi anaweza kuzuiwa kuingia kwenye mtihani. Mtoto wa mwaka wa kwanza aliyekaa kando yangu aliyaandika hayo yote kwenye daftari kwa kuwa hakuwa na cha kulinganisha nacho. Mimi niliyasikia nusunusu, nikidhani nayajua, hadi nilipoona mwandiko wake.

Hata maneno hubadilika. Nilikotoka nilikuwa mwanafunzi wa kitivo. Kwingine huitwa skuli au shule kuu, na ukihamia Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, utakuwa mwanafunzi wa ndaki. Si jambo la msamiati peke yake. Pale UDOM ndaki zimetawanyika juu ya vilima, mbali kiasi kwamba mtu anayeambiwa "nenda ofisi ya ndaki" akaenda kwenye jengo lisilo lake atarudi akiwa amepanda bodaboda mara mbili na jua la saa sita limemkausha midomo. Dodoma ni kavu kwelikweli kabla ya Desemba, na mtu wa pwani, aliyezoea kutoka jasho, hapa hukauka bila kujua. Chupa ya maji ibebwe pamoja na vyeti.

Sasa nije kwenye meza ya idara, ambako ningependa nikae kidogo, kwa kuwa ndiko miezi ya maisha ya mtu inakookolewa au kupotea. Elimu ya juu nchini hupimwa kwa krediti. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na saa hizo si za darasani pekee, bali pamoja na za kusoma mwenyewe, za mazoezi na za mtihani. Mwaka mzima wa masomo huwa na krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu hufika 360. Kwa hesabu hiyo, niliyemaliza mwaka mmoja nilijiona mwenye krediti 120 mfukoni, nikazichukulia kama fedha ambayo ina thamani ile ile popote nchini. Sivyo. Chuo kipya hakipokei krediti, kinapokea kozi, na kila kozi hupimwa peke yake dhidi ya kozi iliyopo kwenye programu yao.

Mratibu wa programu, mwalimu mwenye subira ambaye nilimkuta akinywa chai yake ya saa tano, aliyatazama matokeo yangu na kuniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Haya ni majina ya kozi. Mlifundishwa nini ndani yake?"

Nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa upole: "Siyo unieleze wewe, dada. Muhtasari wa kozi uko wapi?"

Muhtasari ule tunaopewa wiki ya kwanza ya muhula, wenye mada, vitabu na idadi ya krediti, ambao wengi wetu huutumia kufungia karanga, ndio ushahidi pekee wa kile ulichosoma. Bahati yangu nilikuwa nimehifadhi kadhaa kwenye simu. Kozi za Taaluma za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano zilipita bila ubishi, kwa kuwa kila chuo kinazo na zinafanana. Uchumi mdogo na uchumi mkubwa zilipita baada ya kulinganisha mada moja moja. Hisabati kwa wanauchumi ilikataliwa. Jina lilikuwa lile lile na krediti zilikuwa 12 kwa 12, lakini kule tulimaliza na kalkulasi bila kugusa matriki, na hapa matriki ni nusu ya kozi. Kozi moja ya hiari, pia ya krediti 12, haikuwa na mwenzake kabisa kwenye programu yao. Kati ya krediti zangu 120 zikabaki 96.

Upungufu wa krediti 24, ukiugawanya kwa mihula minne iliyobaki, ni 6 tu kwa muhula, na mtu anaweza kujifariji kwa hesabu hiyo kama nilivyojifariji mimi kwa dakika tano. Mratibu ndiye aliyenionyesha mahali penye tatizo. Hisabati ile ni kozi tangulizi ya ekonometriki, yaani upimaji wa mambo ya uchumi kwa takwimu, nayo ekonometriki hufunguliwa mwaka wa pili. Bila ya kwanza huisomi ya pili, na bila ya pili utafiti wa mwaka wa tatu unakwama. Isitoshe, ningeisoma pamoja na mwaka wa kwanza, kwa ratiba yao, ambayo iligongana na kipindi changu kingine siku ya Jumatano. Tulikaa karibu saa nzima tukihamisha vipindi kwenye karatasi hadi tukapata mpango uliowezekana. Kama ningesubiri wiki ya tatu ya muhula, wakati vikundi vya semina vimejaa na muda wa kubadilisha kozi umefungwa, ningelazimika kusubiri mwaka. Ndiyo maana nasema meza hii ifikiwe siku ile ile ya maelekezo, walimu wakiwa ofisini na wanafunzi wao bado hawajarudi, hata kama itakubidi uache hotuba ya mgeni rasmi katikati.

Kuna swali moja ambalo sikuliuliza na ningeliuliza leo: je, alama zangu za zamani zinaingia kwenye GPA yangu ya hapa, yaani wastani wa alama unaoamua daraja la shahada, au kozi zinatambuliwa tu kuwa zimesomwa? Madaraja yetu hutofautiana kwa nukta chache, kwani daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5, na mtu aliyefaulu vizuri sana mwaka wa kwanza anaweza kuupoteza mtaji huo, kama vile aliyeteleza anavyoweza kuanza upya akiwa mweupe. Kila chuo kina kanuni yake katika hili. Ni vyema ukaijua kabla ya kuamua utasoma kozi ngapi muhula wa kwanza.

Na mkikubaliana lolote kwenye meza hiyo, liandikwe. Niliomba orodha ya kozi zilizokubaliwa iwekwe sahihi na muhuri wa idara, nikaona aibu kidogo kuomba, kana kwamba simwamini mwalimu wangu. Mwezi mmoja baadaye mfumo wa matokeo ulionyesha krediti 84 badala ya 96, kwa kuwa kozi moja haikuingizwa. Nilikwenda na karatasi yangu, ikatazamwa, ikarekebishwa siku ile ile, bila mtu kuulizwa alisema nini na lini.

Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wana meza nyingine ya kupitia, nayo ni dawati la mikopo. Mkopo haukufuati wenyewe kama kivuli: chuo cha zamani kinapaswa kuthibitisha kwamba umeondoka, na cha sasa kwamba umesajiliwa, na hadi hapo jina lako halitaonekana kwenye orodha ya wanaosaini kupokea fedha. Fedha ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo kuchelewa wiki tatu ni pengo la shilingi 210,000, ambalo lazima mtu alizibe kwa njia nyingine wakati wenzake wanakula. Mimi nilikuwa na mama Dodoma, nikala kwake. Yule kijana wa Mwanza hakuwa na mtu, na alikopa hadi Desemba. Njoo na akiba ya mwezi mmoja kama unaweza kuipata, na upite kwenye dawati hilo kabla ya kwenda kutafuta chumba.

Habari ya chumba ni fupi. Katika chuo changu vitanda vya ndani viligawiwa kwanza kwa mwaka wa kwanza, na wanaohama wakaambiwa wasubiri zibaki nafasi. Wengi wanaosoma UDOM hupanga Ng'ong'ona na Makulu. Popote utakapopanga, uliza maji hutoka siku zipi kabla hujauliza kodi.

Jambo ambalo hakuna ofisi inayolishughulikia ni upweke wa siku hiyo. Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekwisha kujuana kwenye foleni, wanapigana picha mbele ya kibao cha chuo, na mimi, niliyewazidi mwaka mmoja tu, nilijiona bibi yao. Darasa langu halisi lilikuwa bado likizoni, kila mtu kwao. Jioni nilirudi idarani kuuliza kama kuna namna ya kumpata mwakilishi wa darasa la mwaka wa pili, na mratibu akampigia simu papo hapo, akamwambia, "Una mwenzako mpya hapa, mwingize kwenye kundi." Nilikuwa kwenye daladala nikirudi mjini simu ilipotoa mlio. Nilikuwa nimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la watu mia moja na zaidi nisiowajua, ambalo kila tangazo la maana la mwaka ule lingepitia. Wawili walinikaribisha, mmoja akaniuliza kama ndiye mimi niliyekuwa na daftari la uchumi mkubwa, kwa maana alikuwa analitafuta. Kisha mwakilishi akaandika: "Karibu, dada. Jumatatu kipindi cha kwanza ni saa moja kamili, ila kimehamia ukumbi wa juu."

Nikamjibu kwamba ukumbi wa juu nimeshauona.